Mnaniuliza kama mimi ni mwizi. Wacha nijibu.

Tangu niposti picha ya vile vyuma vyangu saba, inboksi yangu imegawanyika mara mbili. Nusu mnaniuliza ninauza seti moja pesa ngapi. Nusu nyingine mnaniuliza kama mimi ni mwizi. Kuna mmoja ameuliza yote mawili kwa meseji moja, na huyo nimemheshimu, angalau hajazunguka.

Jibu la kwanza: siuzi. Jibu la pili: hapana. Lakini majibu mafupi hayaridhishi mtu, na kusema ukweli hata mimi hayaniridhishi, kwa sababu kuna kitu kilitokea kwa ploti yetu hapa Kamakwa ambacho sijawahi kukisimulia. Basi leo wacha niseme yote. Weka chai, hii si ya kusoma ukisubiri matatu ijae.

Kama umesoma bodingi Kenya hii, unajua sanduku la bati. Unajua lile kufuli dogo la shaba, na ufunguo wake unaovaliwa shingoni kwa kamba kama rozari. Nikiwa kidato cha kwanza, wiki ya tatu, nilirudi bwenini baada ya prepu nikapata sanduku langu limetembelewa. Sukari hakuna. Blue Band hakuna. Shilingi mia mbili nilizokuwa nimezika ndani ya soksi, hakuna. Na kufuli liko pale pale, zima, limefungwa tena vizuri kabisa.

Sukari niliisahau baada ya wiki moja. Kile sikusahau ni lile kufuli kufungwa tena. Mtu alinifungulia, akachukua, akanifungia, akaenda kulala vitanda vitatu kutoka kwangu. Nilimaliza miaka minne nikijiuliza alifanyaje, na nikijiuliza hilo kufuli lilikuwa la kazi gani basi.

Miaka ikaenda. Baada ya shule sanduku likarudi nyumbani, likakaa chini ya kitanda cha mathe, likiwa limefungwa na ufunguo ulishapotea zamani. Siku moja nikahitaji cheti cha kuzaliwa, na cheti kiko ndani. Nikabeba sanduku mzima kwa bega hadi kwa fundi wa funguo hapa tauni. Mnawajua hawa mafundi. Kibanda kidogo, mwavuli mkubwa uliochanika, ubao wenye funguo ambazo hazijachongwa zimening'inia kama omena, jiriwa moja ile tunaita vaisi, na tupa tatu zilizolika. Huyu ni mzee, rika la babu yangu, kwa hivyo mimi humwita Guka.

Guka hakuguswa na historia ya sanduku langu. Alichukua vyuma viwili vyembamba kutoka mfuko wa koti, akainama, akafumba macho kama mtu anayesali, na kabla sijamaliza kujibu simu kufuli likawa limefunguka. Akaniambia, "Soo moja."

Nikamwuliza, "Guka, umefanyaje hivyo?"

Akaniangalia muda mrefu. "Unataka kujua ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nikasema tu nataka kujua. Akaniambia hilo si jibu, niende nirudi nikiwa nalo. Nilirudi Jumamosi iliyofuata nikamwambia habari ya bwenini, sukari, soksi na lile kufuli lililofungwa tena. Akacheka hadi akakohoa. Halafu akanipa masharti mawili. Kwanza, ninunue kufuli langu mwenyewe, la kuharibu. Pili, chochote nitakachotengeneza, nikitengeneze pale kibandani, mchana, watu wakipita.

Sharti la kwanza nililishika. La pili nililiona kama maneno ya wazee. Kumbukeni hilo sharti la pili.

Sasa tuongee kuhusu kutengeneza, maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Mimi hivi vyuma huviita vichokoo, kwa sababu kazi yake ni kuchokoa. Huko Ulaya na Marekani, watu wanaofanya haya mambo kama mchezo huokota nyaya bapa zinazodondoka kutoka kwa mashine za kufagia barabara. Chuma chake ni kizuri, chembamba, kina springi. Nyeri hatuna hiyo bahati. Barabara zetu zinafagiwa na akina mama kwa ufagio wa njiti, na ufagio wa njiti haufungui kitu.

Basi nikaanza na bleidi ya msumeno wa chuma. Mafundi wa kuchomelea hutupa zikivunjika, unaokota bure. Nikaenda kwa grainda ya rafiki yangu, nikasaga kwa kiburi dakika tano, nikapata umbo zuri sana, na rangi nzuri ya buluu kwenye ncha. Nikampelekea Guka. Akakishika, akakikunja kwa vidole viwili kama mshumaa wa kanisani. "Umeipika," akasema.

Ikabidi anielezee. Bleidi ya msumeno ni chuma kilichokazwa kwa moto kiwandani. Ukikisaga kwa pupa, moto wa grainda unaondoa ule ugumu, na ile buluu ndiyo inakuambia kimekufa. Lazima usage kidogo, uchovye kwa maji, usage kidogo, uchovye kwa maji. Ukiweza kukishika na vidole bila kuungua, bado kiko hai. Cha pili nikakifanya hivyo, kikawa kigumu vizuri, na kikavunjika ndani ya kufuli siku ya kwanza. Kigumu sana pia ni shida.

Cha tatu kilitoka kwa waipa ya gari. Ukitoa ile raba ya kufutia kioo, kuna waipa ambazo ndani yake zimepitishwa vipande viwili vya chuma chembamba, virefu, vinavyokunjika na kurudi. Nenda gereji yoyote ya matatu uombe waipa zilizokufa, utapewa na kicheko juu. Kutoka hapo nikaacha grainda kabisa. Nikawa natumia tupa na mkono. Kichokoo kimoja kilinichukua jioni tatu.

Na kukata umbo ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ni kusugua. Msasa wa kukwaruza kwanza, halafu ule laini, halafu ule laini zaidi wa kutumia na maji, hadi chuma kiteleze kwenye ulimi wa kidole kama kijiko. Mwanzoni nilidhani ni urembo. Kumbe hapana. Chuma kikiwa na makwaruzo kinakwama ndani ya kufuli, na wewe hujui kama unachosikia ni kufuli ama ni uzembe wako mwenyewe. Lazima kwanza umalize kelele zako ndipo usikie za kufuli.

Kwa wale hamjui ndani ya kufuli kuna nini: kuna silinda ndogo, ile inayozunguka na ufunguo. Imezuiwa na pini, tuseme tano, na kila pini imekatwa vipande viwili, juu kuna springi inayoisukuma chini. Meno ya ufunguo wako yanainua kila pini kimo chake, hadi pale zilipokatwa panalingana na ukingo wa silinda. Zikilingana zote, silinda inazunguka. Ikibaki moja tu haijafika, ama imepitiliza, hakuna kitu.

Sasa mbona inawezekana kulifungua bila ufunguo? Kwa sababu hakuna mashine ya kutoboa mashimo matano yaliyopangana sawasawa kabisa. Kuna kasoro ndogo, ndogo kuliko unywele. Ukikaza silinda kidogo kwa chuma kimoja, pini zote hazibanwi pamoja. Moja inabanwa kwanza. Unaitafuta hiyo na kichokoo, unaiinua taratibu, inakaa. Halafu nyingine inabanwa. Hivyo hivyo. Kufuli la bei rahisi lina kasoro nyingi, kwa hivyo linaongea kwa sauti. La bei linanong'ona. Lakini yote yanaongea.

Wazo la pini ni la zamani sana. Wamisri wa kale walikuwa na makufuli ya mbao yenye pini za mbao. Mmarekani Linus Yale Mdogo aliliboresha miaka ya 1860 akatupa hili la ufunguo bapa tunalobeba mfukoni hadi leo. Na hii kesi ya "huyu ni mwizi ama ni fundi?" haikuanza na mimi Kamakwa. Mwaka 1851 kulikuwa na maonyesho makubwa ya viwanda pale London. Mmarekani mmoja, Alfred Charles Hobbs, akavuka bahari akaenda huko na vyuma vyake. Kulikuwa na kufuli la kampuni ya Bramah lililowekwa dirishani mwa duka kwa miongo mingi, na zawadi ya gini 200 kwa atakayelifungua. Hobbs alitengeneza vifaa vyake maalum kwa ajili ya hilo kufuli moja. Lilimchukua saa 51, zilizogawanywa kwa siku 16. Likafunguka.

Unadhani Waingereza walimshukuru? Walikasirika. Wengine walisema anawafundisha wezi. Msimamo wake ulikuwa kwamba wezi wanajua tayari, wasiojua ni wenye nyumba. Niliposoma hiyo niliona kama nimepata wakili. Nikasahau kwamba Hobbs alifanya kazi yake kwa makubaliano, kukiwa na kamati ya kusimamia kila kitu. Mimi nilikuwa nafanya yangu usiku, kejani, pazia likiwa chini.

Ndiyo, usiku. Kwa sababu kibandani kwa Guka kila mpita njia alikuwa anauliza "Hiyo ni ya nini?" na nilichoka kujibu. Nikanunua tupa yangu, nikafunga vaisi ndogo kwenye kimeza, nikawa nafanyia nyumbani. Majirani walikuwa wanasikia kwirr, kwirr, kwirr saa nne usiku kupitia ukuta wa mabati na mbao. Hakuna aliyeniuliza. Nikadhani kutoulizwa ni kukubaliwa.

Sasa ile siku.

Ilikuwa Aprili, mvua ile ya Nyeri inayoanza saa saba na haina haraka ya kwenda. Stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi. Kwa ploti yetu kuna mama ana mapacha wa miaka miwili, tunamwita Mama Mapacha. Alikuwa ametoka mbio kununua unga, akawafungia watoto kwa kufuli la nje kama vile wazazi wengi hufanya wakienda dukani dakika tano. Ndani kulikuwa na jiko la makaa, githeri iko juu. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Aliporudi, ufunguo hauko. Umeanguka mahali kati ya duka na geti, ndani ya matope.

Tulitoka wote tuliposikia akipiga nduru. Mtu mmoja alikuwa na akili, akavunja kioo cha dirisha hewa iingie, maana hii habari ya jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa tunaisikia kila msimu wa baridi, familia inalala na haiamki. Lakini dirisha lina grili, mtu mzima hapiti, na mapacha wako chumba cha ndani nyuma ya pazia. Mmoja alikuwa analia. Mwingine hakuwa analia.

Keateka akaja na nyundo. Kufuli lilikuwa lile nene, na nyundo ilikuwa inapinda mlango wa chuma badala ya kufuli, na kila akigonga mlango unazidi kujibana kwenye fremu. Mwingine akakimbia kumtafuta mtu wa grainda. Grainda bila stima! Alikumbuka akiwa amefika geti.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale, na mkebe wangu wa kakao wenye vyuma saba uko hatua kumi na tano kutoka kwangu.

Hii ndiyo sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Sikukimbia kuuchukua. Nilisimama nikihesabu. Nikifungua hili kufuli mbele ya watu ishirini, kesho watasema nini? Nikawaza mathe. Nikawaza jinsi neno "mwizi" likipigwa kelele mtaani haliulizi maswali, linakuja na mawe. Nikawaza labda ufunguo utapatikana sasa hivi. Dakika mbili, labda tatu. Mtoto mmoja akilia, na mwingine kimya. Nilikuwa nalinda jina langu kwa dakika ambazo hazikuwa zangu.

Halafu Mama Mapacha akaanza kuvuta grili kwa mikono, na damu ikatoka kwa ule mkato wa kioo, na nikaenda.

Mikono ilikuwa inatetemeka. Chuma cha kukaza kiliteleza mara mbili. Mtu nyuma yangu akauliza, "Huyu anafanya nini?" na mwingine akamjibu, "Nyamaza." Nilifumba macho kama Guka. Pini ya tatu ndiyo ilikuwa imebanwa kwanza, halafu ya kwanza, halafu nikapoteza zote nikaanza upya. Ilichukua kama dakika nne. Kikatoka kile kisauti kidogo, tik, na kufuli likaniangukia mkononi.

Mapacha walikuwa sawa. Yule kimya alikuwa amejificha chini ya kitanda akiogopa nyundo. Wote wawili walipelekwa kupimwa, na jioni walikuwa wanakimbizana kwa korido kama kawaida. Mama yao alinikumbatia akalia kwa bega langu. Watu walinipiga mgongo. Na katikati ya hiyo furaha, mama mmoja wa namba nne akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haiya, kumbe wewe unaweza kufungua kufuli."

Hakuna aliyecheka.

Kesho yake nikitoka kwenda kazini niliona makufuli mapya kwa milango mitatu. Makubwa, bado yana mafuta ya duka. Sikukasirika siku hiyo, nilijiambia ni jambo la kawaida. Lakini ile njia yote ya kushuka kwenda tauni nilikuwa nahisi kama nimerudi bwenini, na safari hii mimi ndiye yule wa kitanda cha tatu.

Siku tisa baadaye mtungi wa gesi wa jirani mmoja ukaibwa. Kile chuma cha mlango kinachopitishwa kufuli kilikuwa kimekatwa kwa mkasi wa chuma, na kufuli lenyewe liko chini kwa simiti, limefungwa, halijaguswa. Mtu yeyote angeona. Mwenye vichokoo angekata mlango kwa nini? Lakini macho yote yalikuwa yamekuja kwangu kabla ya kwenda kwa kufuli. Keateka akaniomba kwa upole aangalie ndani kwangu. Nikamfungulia. Alikaa akiangalia ule mkebe wa kakao kwa muda mrefu. Mtungi hakuupata, akaenda. Hakuna aliyesema pole, hata siku ya leo.

Habari ilimfikia mathe Mukurwe-ini kabla ya jioni. Akanipigia. "Nimesikia siku hizi unafungua nyumba za watu." Nikaanza kueleza. Akanikata: "Unataka niwe nakuja kukuona King'ong'o?" Mnaojua Nyeri mnajua hiyo si mbali na kwetu, kuta za jela ya King'ong'o tunapita nazo tukienda shughuli zetu. Akaniambia nitupe hivyo vitu kwa choo.

Mathe hakuwa anaropoka. Nilienda nikasoma sheria. Mimi si wakili, lakini Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 308, kifungu kidogo cha pili, inasema ukipatikana nje ya makazi yako na kitu cha kutumia kwa uvunjaji wa nyumba, wizi au ulaghai, hilo ni kosa kubwa. Na inaendelea: kitu kikiwa kimetengenezwa au kurekebishwa kwa kazi hiyo, huko kuwa nacho tu ni ushahidi dhidi yako. Kimetengenezwa au kurekebishwa. Nilisoma hayo maneno mara tatu. Waipa ikiwa kwa gari ni waipa. Ikipitia kwa tupa yangu jioni tatu, inakuwa kitu kingine mbele ya hakimu. Kile ninachojivunia, kwamba ni kazi ya mikono yangu, ndicho kinachonishtaki.

Jumamosi nikaenda kwa Guka nikiwa nimevunjika moyo. Nilidhani atanihurumia. Alinisikiliza huku akichonga ufunguo wa mteja, akamaliza, akapuliza vumbi la shaba.

"Nilikuambia utengeneze wapi?"

"Hapa, Guka."

"Saa ngapi?"

"Mchana."

"Basi," akasema, akachukua ufunguo mwingine.

Baadaye aliongeza kidogo. Akaniambia zamani kwa Wakikuyu fundi wa chuma, muturi, alikuwa anaogopwa. Mtu anayechukua mchanga mweusi wa mto akautoa ukiwa mkuki si mtu wa kawaida, na laana yake iliogopwa kuliko ya wengi. Lakini alifulia mahali panapojulikana na kila mtu. Na wakati wa Mau Mau, hapa hapa kwenye misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, watu walitengeneza bunduki kwa bomba la maji, raba ya mpira wa gari na komeo la mlango. Komeo! Kitu cha kufungia mlango kikageuzwa kuwa kitu cha kupigania shamba. "Chuma hakina shida," akasema. "Watu wanataka kumjua mwenyewe."

Hapo ndipo nilielewa kwa nini wale makufuli mapya yaliniuma, na kwa nini majirani hawakuwa wabaya. Mimi nilijua miezi yote hiyo kwamba kufuli la ploti ni karatasi. Wao hawakujua. Walilala wakiamini chuma, kumbe walikuwa wanalindwa na sisi kwa sisi, na mimi nikawafunulia hilo siku moja, ghafla, katika mvua, bila kuwaandaa. Ningekuwa nimewaambia mapema, ile siku ya mapacha wangekuja kunibishia mlango wenyewe. Nisingekuwa na dakika tatu za kuhesabu jina langu.

Basi Jumamosi iliyofuata nilitoa vaisi nje. Nikaiweka kwa benchi karibu na mfereji wa kufulia, saa nne asubuhi, nguo zimeanikwa, watoto wamejaa. Nikamwaga mkebe wa kakao mbele ya kila mtu. Nikaeleza kila kimoja. Nikaleta makufuli yangu mabovu, nikawapa wajaribu. Keateka alijaribu nusu saa akatoka jasho. Mama Mapacha alifungua moja, akapiga nduru kubwa kuliko ile ya Aprili. Guka alikuja akiwa amevaa koti lake lile, akakagua milango yote, akatuambia ukweli wa bure: mwizi wa huku hachokoi, anakata. Muwe na kufuli la shilingi elfu tatu, lakini kama kile chuma kinacholishika ni chembamba kama mfuniko wa sufuria, mmepoteza pesa. Watu wakachanga, fundi wa kuchomelea akaja, vikabadilishwa vyuma vya milango minane.

Si wote waliotoka. Mama wa namba nne alibaki ndani, na hadi leo nikipita anashika mfuko wake wa funguo. Nimeacha kumlaumu. Ana haki yake.

Kwa hivyo, wale wa inboksi, hii ndiyo hali. Siuzi kwa sababu nikikuuzia sijui wewe ni nani, na jirani yako hajui una nini. Sitaposti vipimo kwa sababu hiyo hiyo. Watu wa huu mchezo huko nje wana kanuni mbili wanazofundisha kila mgeni: usifungue kufuli ambalo si lako bila ruhusa ya mwenyewe, na usichezee kufuli linalotumika. Ya pili niliivunja siku moja, na ningeivunja tena, mapema zaidi. Mimi nimeongeza mbili zangu. Vichokoo vyangu havitoki nje ya geti. Na tupa hailii usiku.

Mathe? Hajakubali. Mwezi uliopita alikuja kunitembelea, akaona mkebe uko juu ya kabati, wazi, akauangalia bila kusema kitu. Wakati wa kuondoka akatoa kwa kiondo kufuli la zamani, limeshika kutu, akaliweka mezani. La stoo ya marehemu babu, akasema, ufunguo ulipotea tangu azikwe. Akaniuliza kama ninaweza.

Nikamwambia, "Mathe, tutoke nje kwanza."